Kazija na Waungwana wa Kijiweni

Kazija binti Haji alikuwa na kosa moja ambalo wanaume wenzetu wa Guangzhou walishindwa kabisa kulisamehe: alikuwa anaijua kazi yake. Angekuwa mrembo tu, wangemvumilia. Angekuwa mjinga, wangegombania kumsaidia. Lakini mwanamke anayeshika suruali, akaipindua ndani nje, akavuta zipu mara mbili na kusema "hii haifiki Machi", huyo kwa kweli alikuwa mtihani.

Alitoka Mkunazini, Unguja, akaja China kusoma lugha kwa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, lugha ikabaki, na Kazija naye akabaki. Kufikia mwaka 2007, biashara ilipochangamka hata watu wasiojua ramani walikuwa wanapanda ndege kuja kununua mitumba mipya, yeye alikuwa wakala wa nguo katika soko la Shahe. Alidamka soko linapofunguliwa, kabla jua halijatoka, akapita duka kwa duka, akapiga picha kwa kamera yake ndogo, akawatumia wenye maduka wa Unguja na Dar es Salaam. Wao walichagua, yeye akanunua, akafungasha, akapakia kontena.

Karibu wateja wake wote walikuwa wanawake, na wengi hawakuwahi kumwona uso. Walituma fedha zao kwa mtu aliye ng'ambo ya dunia kwa sababu mwenzao mmoja aliwaambia, mpe Kazija, hana longolongo. Mtaji wake wote ulikuwa huo. Duka hana, gari hana, mume wa kumsemea hana. Alikuwa na jina, basi.

Sasa, Watanzania wa huko walikuwa na ukurasa wao kwenye mtandao, ukiitwa Kijiwe cha Guangzhou. Aliuanzisha Rodgers, kijana wa Kichaga aliyekuwa akisomea kompyuta kwa ufadhili wa serikali, akaandika juu kabisa kwamba Kijiwe ni cha wote bila ubaguzi. Na kweli ubaguzi haukuwepo. Mwanamume akiuliza bei ya viatu soko la Liuhua, alijibiwa bei ya viatu. Mwanamke akiuliza bei ya viatu Liuhua, alijibiwa pia, mara moja, na watu wengi: aliulizwa kama ameolewa.

Kazija hakujali. Kila Ijumaa alibandika taarifa yake ya soko: nguo gani zimeingia, bei imesimama wapi, duka gani linauza kitambaa kinachochuja rangi. Wanakijiwe waliisoma kimya kimya, wakaenda kununua, wakapata faida. Kisha walirudi kushukuru kwa moyo mkunjufu. "Kaka Murshid, umetuokoa," waliandika. Murshid alikuwa ameandika chini ya taarifa ya Kazija maneno matatu: "Nakubaliana na hili."

Murshid huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya Kijiwe. Mfanyabiashara wa siku nyingi, kanzu iliyopigwa pasi kila Ijumaa, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Duka lake lilikuwa Kariakoo, na aliyekaa dukani tangu asubuhi mpaka jioni ni mkewe, Mama Nasra. Lakini kila mtu alisema "duka la Murshid", maana yeye ndiye aliyesafiri. Kompyuta hakuipenda sana. Alikuwa akiandika kwa kidole kimoja, polepole, na kila alichoandika kilichukuliwa kuwa hekima kwa kuwa kilikuwa kifupi.

Siku moja Murshid aliwashauri wanakijiwe wakanunue jinzi kwenye duka fulani la Liuhua. Kazija, kwa uungwana tu, akaandika chini kwamba jinzi za duka hilo zipu zake zinakatika na rangi inabaki kwenye beseni, akaweka na picha ya beseni. Alidhani anawasaidia watu. Masikini Kazija, kumbe alikuwa anamvua nguo mwenyekiti mbele ya hadhara.

Hakuna aliyemjibu. Ila wiki iliyofuata alijitokeza mwanachama ambaye hakuwa na uso wala ukoo, anayejiita Jicho la Tai, akabandika hivi: "Wenzangu mnaomsifia dada wa Shahe, mmejiuliza bei hizo anazipataje? Laoban hampi mtu bei ya bure. Tazameni picha, kisha mjue wake zenu na dada zenu wanatuma pesa kwa nani."

Picha ilimwonyesha Kazija kwenye meza ya chai dukani, anacheka, na laoban, yaani bosi wa duka, anammiminia kikombe. Kila aliyewahi kununua hata soksi Guangzhou amekalishwa kwenye meza ya namna hiyo, mchana kweupe, mlango wazi, na kumiminiwa chai mpaka kibofu kiombe radhi. Kazija aliikumbuka siku yenyewe. Alikuwa amewapeleka pale kundi zima la wanaume waliotaka jinzi na wasiojua Kichina hata cha kusema "ghali". Mmoja wao ndiye aliyepiga picha kwa simu, akakata wenzake wote pembeni, akambakisha yeye na Mchina. Ni nani kati yao, hakujua. Aliwauliza, na kila mmoja aliapa.

Wanakijiwe walisikitika sana. Waliandika astaghfirullah, wakaandika Mungu atusamehe, kisha wakawatumia marafiki zao wa Dar ili nao wasikitike. Mada ile ilisomwa kuliko mada ya kubadilishwa kwa masharti ya viza, ambayo ingewafukuza nusu yao mjini.

Habari zilifika Unguja kabla ya kontena. Bi Mwanakhamis wa Darajani, mteja wake wa kwanza kabisa, alipiga simu kusema mume wake amemwambia asubiri kidogo. Hakusema anasubiri nini. Wengine hawakupiga hata simu, waliacha tu kutuma oda. Halafu akapiga mama yake mzazi. Alikuwa ametoka arusini, na alipokaa mkekani mazungumzo yalikatika. Mama hakulia wala hakugomba. Aliuliza tu, "Kazija mwanangu, ni kweli hayo?"

Kazija alijibu si kweli. Alipokata simu ndipo alipolia. Maneno ya Jicho la Tai aliweza kuyabeba. Kilichomchoma ni kwamba mama yake ameuliza.

Akaenda kwa kamati. Kamati ilikutana baada ya swala ya Ijumaa kwenye mgahawa wa mtaa wa Xiaobei, mbele ya sinia la wali wa kondoo: Murshid mwenyekiti, Mwadini katibu, na Rodgers mtaalamu. Kazija alikaribishwa kula, kisha akaomba mambo mawili. Bandiko lifutwe, na huyo Jicho la Tai atajwe.

Rodgers alieleza, huku akitazama wali, kwamba jina la mwanachama ni siri, na kwamba kufuta maandishi ya mtu ni kuminya uhuru wa maoni. Kazija alishangaa kidogo, maana mwezi uliopita Rodgers alikuwa amefuta bandiko lililomtania mjomba wake. Mwadini alimshauri asichukulie mambo moyoni, mtandao ni upepo tu, hauna mwenyewe, na kwa nia njema kabisa akaongeza kwamba siku nyingine asicheke kwenye picha. Mwisho Murshid akanawa mkono, akatoa uamuzi wa busara. Mada ile ifungwe, yaani asiruhusiwe mtu kuongeza neno, ila kila mtu aendelee kuisoma. Na kwa kuwa kina mama wanapata shida kuchangamana, wajengewe chumba chao wenyewe ndani ya Kijiwe, wakae kwa uhuru.

Chumba kilifunguliwa Jumapili. Kilikuwa cha rangi ya waridi, kina picha ya sufuria, na kiliitwa Jikoni.

Kwa hiyo matusi yalibaki pale pale, na aliyetukanwa sasa hana ruhusa ya kujibu. Hiyo ndiyo iliyoitwa suluhu. Kazija alikwenda kuulizia tiketi ya kurudi nyumbani. Aliyemshika mkono ni Agripina, binti wa Bukoba aliyekuwa akisomea udaktari, ambaye aliwahi kuuliza Kijiweni namna ya kulipia mitihani akapata posa saba na hakuna jibu.

"Dada Kazija," Agripina alimwambia, "wametupa chumba, na funguo wametupa sisi. Hawakufikiria kwamba mlango unafungika."

Wakaufunga. Rodgers hakutaka hata kusikia mambo ya mapishi, akamwachia Agripina kazi yote ya kupokea na kukataa watu. Tangu wiki ile taarifa ya Ijumaa ya Kazija ilibandikwa Jikoni peke yake, chini ya picha ya sufuria. Wanawake wengine nao wakaleta za kwao: aliyezunguka mtaa wa Yide Lu akaandika bei za daftari na midoli, aliyejua mambo ya meli akaandika kontena gani limekwama wapi. Waliokuwa hawajawahi kufungua mdomo Kijiweni waligundulika kuwa ni wasemaji. Hawa hawakuwa wale wateja waliompotea Kazija, na jina lake nyumbani lilikuwa bado limelala chini, lakini angalau palikuwa na mahali ambapo akisema zipu mbovu, anajibiwa kuhusu zipu.

Kijiweni nje walibaki waungwana na mpira wa Ulaya, siasa, na ule mjadala wao wa kudumu kuhusu nafasi ya mwanamke. Soko wakawa wanalikisia. Mwadini alinunua fulana ambazo zilipofuliwa Tandika mara ya kwanza zilimtosha mtoto. Wakaanza kulalamika kwamba Jikoni ni ubaguzi. Mwenyekiti mwenyewe aliandika, kwa kidole kimoja, kwamba jamii isigawanywe kwa jinsia. Kazija akamjibu kwa adabu zote kwamba uamuzi wa kutenga kina mama ni wa kamati, na yeye kamati anaiheshimu.

Ndipo ukatokea muujiza: wanawake wa Kitanzania Guangzhou wakaongezeka ghafla. Kila wiki walibisha hodi Jikoni kina Mama Fulani na Binti Fulani wasiojulikana na mtu, ambao hawakutoa salamu, hawakuuliza hali, walitaka bei ya jinzi kwa jumla. Agripina alitaka kuwafukuza. Kazija akasema hapana, tusiwadhulumu dada zetu, tuwape mtihani. Sharti lilikuwa dogo tu. Mwanamke mgeni akae kwanza Kijiweni nje, kwa jina lake hilo la kike, aulize jambo lolote la biashara mbele ya wanaume, kisha aje atueleze amejibiwa nini. Wanawake wa kweli wote walikuwa wamekwisha kufanya mtihani huo bila kuandikiwa ratiba.

Wengi walikimbia siku ya pili. Mmoja akang'ang'ania. Alijiita Mama Nasra.

Aliandika Kijiweni: "Salaam. Nauliza bei ya jinzi Shahe na duka ambalo zipu zake hazikatiki." Swali zuri, fupi. Wa kwanza kumjibu alimuuliza kama mume wake anajua yupo mtandaoni. Wa pili aliomba picha. Wa tatu alitaka kujua mwanamke anafanya nini na jinzi. Mama Nasra akajibu kwamba yeye ni mama wa watu, ana heshima zake, anaomba bei. Wakacheka. Mwadini, katibu, mlinzi wa maadili, akaandika kwamba mwanamke mwenye haya hatamki zipu hadharani, "au nawe ni wale wa kunywa chai na malaoban?" Na wakati huo huo, kwa ujumbe wa pembeni, alikuwa akimwalika chakula cha jioni na kumwachia namba ya simu.

Unaweza kumhurumia Mama Nasra. Kwa siku tatu alivumilia mambo ambayo Kazija aliyavumilia mwaka mzima, na siku tatu zilimtosha. Alhamisi adhuhuri akalipuka, mbele ya Kijiwe kizima.

"Mwadini, koma, mshenzi wewe. Unajua unaongea na nani? Mimi ni Murshid, mwenyekiti wako. Na huyo Mama Nasra unayemtongoza na kumwalika chakula ni mke wangu."

 Kwa mara ya kwanza tangu Kijiwe kianzishwe, hakuna aliyekuwa na maoni.

Agripina ndiye aliyegundua mengine. Wale dada wengine wote wa ndevu walikuwa wamejiandikisha upya. Murshid hakujua kujiandikisha upya. Alichojua ni mahali pa kubadilisha jina, basi akachukua jina lake moja la akiba na kulibadilisha. Na Kijiwe kilijengwa hivi: ukibadilisha jina leo, linabadilika kila mahali ulipowahi kuandika. Agripina akafungua ile mada iliyofungwa, ile ambayo uhuru wa maoni ulikataza isifutwe. Picha ilikuwa pale pale, maneno yale yale. Jicho la Tai hayupo. Mwandishi alikuwa Mama Nasra.

Alimpigia Kazija, na Kazija akakimbia na mfuko wake wa sampuli mpaka mkahawa wa intaneti ulio jirani na soko. Alisoma mara moja akaelewa. Hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Alihisi hasira safi, ya kutulia, ya mtu ambaye alikula wali sinia moja na aliyemchafua na akamshukuru kwa busara zake.

Kabla ya Alasiri mada ilikuwa imefutwa. Mama Nasra naye alifutwa, na yale matusi ya adhuhuri, na kila alama. Badala yake palikuwa na tangazo la kamati: yote yameondolewa kwa ajili ya kulinda heshima ya familia ya mwanachama wetu. Miezi mitatu Kazija aliomba bandiko lifutwe, na sasa alikuwa anampigia Rodgers kumwomba alirudishe, angalau kwa siku moja, watu wa nyumbani waone. Rodgers alimjibu kwa masikitiko kwamba jina la mtu si kitu cha kuchezea.

Walisahau jambo moja tu, kwamba Jikoni kulikuwa na wanawake wapatao arobaini na kila mmoja ana simu. Usiku haujaingia Kariakoo, tayari simu ya Kazija inaita kwa namba asiyoijua.

"Wewe ndiye Kazija? Mie Mama Nasra. Nimeambiwa niko Guangzhou, naandika matusi kwenye kompyuta, na wanaume wananialika chakula. Nami tangu asubuhi nipo dukani sijanywa hata chai. Hebu nisomee."

"Shikamoo, dada. Wameyafuta, hakuna cha kusoma."

Kisha akaona upuuzi wa jibu lake. Alihitaji kusoma nini? Akasimama katikati ya marobota yake, akayasema yote, tangu "wenzangu mnaomsifia" mpaka mwisho, bila kuruka neno, kama mtu anavyojua jina la baba yake. 

 Mama Nasra akauliza, "Na hiyo siku ya picha, yeye alikuwa wapi?"

"Pembeni yangu, dada. Anasubiri nimshushie bei."

"Bei ya nini?"

"Ya jinzi zako."

"Zile nilizouza Idi?"

"Hizo hizo."

 Mama Nasra alisema, bila kupandisha sauti, kwamba leseni ya duka imeandikwa jina lake yeye, na fedha za mzigo hutoka kwenye mikono yake yeye, na mzigo unaofuata atanunua Kazija. Ama Murshid, afanyiwe hisani aambiwe arudi, kuna watoto wa kupeleka shule.

Murshid aliondoka kabla ya mwezi kwisha. Kijiwe kilimuaga kwa mada ndefu kuliko zote zilizowahi kuandikwa pale. Amerejea nyumbani kwa sababu za kifamilia, waliandika. Baba, mshauri, nguzo ya jamii. Aliyeandika zaidi ni Mwadini, mwenyekiti mpya. Chini kabisa mgeni mmoja aliyekuwa hajui mambo aliuliza sasa nani atakuwa anatoa bei za Shahe. Hakuna aliyemjibu.

Kazija yupo bado. Oda za Mama Nasra ziliwavuta wengine, na Bi Mwanakhamis naye alirudi, ila aliomba marobota yake yaandikwe jina la mtu mwingine, mume wake asione la Kazija. Mama yake Kazija siku hizi anapishwa mkekani vizuri tu. Mara moja moja, arusini, anatokea mtu wa kumuuliza kwa upole kama yule binti yake ndiye yule aliyekuwa kwenye kompyuta. Ama Murshid, anayeswali safu ya mbele Kariakoo kila Ijumaa, yeye hajawahi kuulizwa kitu na mtu.